Fujifilm X-T3 kwenye theluji ya Istanbul: tathmini ya mpiga picha wa Kampala

Nilipoinunua kamera ya Fujifilm X-T3, mkononi mwa mtu aliyekwisha kuitumia, kwa shilingi milioni tatu na laki mbili, nilikuwa nikifikiria harusi na sherehe za kwanjula, yaani za kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe, tu, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi inayonilisha hapa Kampala. Januari 2022 nilimsindikiza dada yangu Istanbul, ambako hununua nguo za jumla katika mtaa wa Laleli na kuzileta kuuza Kikuubo, mtaa wa biashara hapa Kampala. Tarehe 24 ya mwezi huo theluji ilianguka kwa wingi hata safari za ndege zikasimamishwa, na paa la ghala moja la mizigo pale uwanjani likaporomoka kwa uzito wake. Dada alibaki hotelini akihesabu marobota yake. Mimi nilitoka asubuhi na mapema nikiwa na kamera hii na lenzi moja, nikarudi jioni, na siku iliyofuata nikafanya vivyo hivyo. Ninayoyaandika hapa yanatokana na siku hizo mbili, pamoja na sherehe nyingi nilizopiga kabla yake na baada yake.

Nianze na jambo lililonifanya niithamini kamera hii kuliko nyingine zote nilizowahi kuzishika. Kipima mwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Kimetengenezwa kwa dhana kwamba mbele yake pana kitu cha kijivu cha wastani, kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia, na kwa sababu hiyo kinapokutana na uwanja mzima mweupe hupunguza mwanga mpaka weupe ule ufanane na majivu. Picha zangu za kwanza, nilizozipiga katika uwanja wa mbele ya msikiti wa Süleymaniye, zilitoka hivyo hivyo: theluji iliyokuwa ikiniumiza macho ilionekana kwenye kioo kama saruji mbichi. Dawa yake ni kuiongezea kamera mwanga kwa makusudi, kati ya hatua moja na mbili (kila hatua huongeza mwanga maradufu), kutegemea ukubwa wa sehemu nyeupe ndani ya picha.

Kamera nyingi zina njia ya kufanya hivyo, lakini X-T3 imeweka kigurudumu cha kazi hiyo juu kabisa, upande wa kulia, pale pale dole gumba linapofikia. Kimeandikwa namba kuanzia kutoa tatu hadi kujumlisha tatu, unakiona hata kamera ikiwa imezimwa, na kila hatua unaisikia kwa kidole. Niliweza kukizungusha nikiwa na glovu nyembamba za sufu, bila kufungua menyu yoyote. Tena, kwa kuwa kitundu cha kuchungulia cha kamera hii ni cha elektroniki, chenye nukta milioni 3.69, unapozungusha kigurudumu unaiona theluji ikitoka kwenye kijivu na kuwa nyeupe kabla hujabonyeza shata. Hapo ndipo nilipoelewa kasoro iliyokuwa ikinisumbua nyumbani kwa muda mrefu. Ukipiga picha ya wazee kumi na wawili waliovaa kanzu nyeupe wakiwa wameketi chini ya hema, kipima mwanga huwafanyia kile kile kinachoifanyia theluji: kanzu huwa za kijivu, na nyuso zao, ambazo ni nyeusi tayari, huzama gizani kabisa. Nilikuwa nikizisahihisha picha hizo kwa kompyuta usiku kucha. Sasa huongeza hatua moja pale pale kwenye sherehe, nikiangalia tu kwamba nakshi za shingoni mwa kanzu hazipotei. Kigurudumu hicho hakina kufuli, kwa hiyo ni vizuri kukitazama kila unapoitoa kamera begini.

Kuhusu baridi, watengenezaji wanasema mwili wa kamera umezibwa dhidi ya vumbi na unyevu, na kwamba inafanya kazi mpaka nyuzi 10 chini ya sifuri. Istanbul haikufika huko. Baridi yake ilizunguka kwenye nyuzi sifuri, na kwa mpiga picha huo ni mtihani wa namna nyingine, kwa sababu theluji ya joto hilo ni chepechepe na huyeyuka mara inapogusa chuma. Kamera yangu ililowa juu mpaka matone yakaingia kati ya vigurudumu, nikawa naifuta kwa leso kila baada ya dakika chache, na hakuna kilichoharibika. Mtu asisahau, hata hivyo, kwamba kinga hiyo ina maana pale tu lenzi nayo inapokuwa imezibwa. Nilitumia ya milimita 23 yenye alama ya WR, yaani iliyozibwa, ambayo ina uzito wa gramu 180 tu na huona takriban kama ya milimita 35 kwenye kamera ya fremu nzima, ile yenye kihisi kikubwa kama filamu ya zamani ya milimita 35. Lenzi ya 18-55 ambayo wengi huuziwa pamoja na kamera hii haina alama hiyo, na nisingethubutu kuitoa nje siku kama ile, wala katika mvua yetu ya Aprili.

Betri zinahitaji maandalizi. Kipimo rasmi ni picha 390 kwa betri moja, lakini baridi huipunguzia nguvu betri yoyote ya lithiamu. Nilikuwa na betri mbili halisi, nazo zilinifikisha jioni kwa kuwa niliiweka ya akiba katika mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Ya tatu, ambayo si ya mtengenezaji na niliinunua kwa bei rahisi katika duka moja la mjini, ilizima baada ya picha zisizozidi arobaini. Kuna na hatari ya kuingia ndani: kamera iliyopoa ikiingizwa ghafla kwenye chumba chenye joto, hewa ya humo huacha umande juu ya kioo, hata ndani ya lenzi. Niliifunga kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, nikiwa bado nje, nikaikaza vizuri, na nikaiacha mezani kwa saa nzima bila kuifungua. Umande ukabaki juu ya kaveera.

Theluji inapoanguka kwa nguvu, mfumo wa kulenga unaweza kushika chembe zilizo karibu badala ya mtu aliye nyuma yake. Nilichagua nukta moja ndogo ya kulengea na tatizo likapungua sana. Kwa shata ya sekunde 1/500 chembe zinasimama hewani kama pamba, na kwa 1/60 zinakuwa michirizi. Mimi nimependa michirizi zaidi, kwa sababu inaonyesha upepo ulikuwa ukitokea wapi.

Mwili wa kamera hauna kitulizi cha mtikisiko, jambo ambalo ndugu yake X-T4 alikuja nalo mwaka 2020, na kioo cha nyuma hakigeuki kukutazama. Anayerekodi video zaidi kuliko picha atazihisi kasoro hizo. Kwangu mimi, ambaye kazi yangu ni picha za watu waliovaa nyeupe chini ya jua kali, kamera hii ingali na thamani kuliko bei niliyoilipa, na ninaipendekeza hata leo kwa kijana anayeanza kazi hii, ilimradi aongeze fedha za lenzi iliyozibwa na betri mbili halisi. Shabaha yangu nyingine ni milima ya Rwenzori, ambako Mwitaliano Vittorio Sella alipiga picha za barafu mwaka 1906, wakati barafu hiyo ilikuwa imeenea kuliko sasa; ninataka kusimama kwenye theluji ya kwetu nikiwa na kigurudumu hiki hiki chini ya dole gumba.

Picha moja ya daraja la Galata niliichapisha kwa sentimita 60 kwa 40, na dada ameitundika dukani kwake. Inaonyesha wavuvi watano wameegemea ukingo, mabega yao yamefunikwa weupe, na bahari nyuma yao ni nyeusi. Ukisogea karibu unaweza kuufuata mshipi wa yule wa kwanza kushoto kutoka ncha ya ufito mpaka majini, nayo theluji iliyolala kwenye kofia yake bado ina punje zinazohesabika.