Sendmail na upimaji wa mzigo wa seva
Nimeitumia Sendmail, programu ya kusafirisha barua pepe, kwenye seva ya ofisi ndogo hapa Chake Chake, na ninachokithamini zaidi ni namna inavyojua kujizuia: wastani wa mzigo (wingi wa kazi zinazoendeshwa au kungoja zamu kwenye seva) ukipita kiwango cha QueueLA kilichowekwa kwenye mipangilio yake, barua huwekwa foleni badala ya kupelekwa papo hapo, na ukifika kiwango cha RefuseLA, miunganisho mipya hukataliwa. Udhia ni kwamba kila mfumo endeshi wa jamii ya Unix hutoa takwimu hiyo kwa njia yake, Linux ikiiandika kwenye /proc/loadavg, hivyo anayeiunda programu mwenyewe kutoka msimbo wake hana budi kuhakikisha LA_TYPE, mpangilio unaoiambia Sendmail namna ya kuusoma mzigo, ni sahihi. Mimi niliacha LA_ZERO, ambayo hurudisha sifuri daima. Mzigo ukasomeka 0 kutwa nzima, ilhali feni ikivuma kama mashine ya boti. Nilipoiunda upya kwa LA_PROCSTR, inayosoma /proc/loadavg, foleni ilianza kufanya kazi jioni ileile.