Betri dhaifu ya jenereta: kuipima ikiwa imetulia au wakati wa kuwasha

Jenereta ya akiba ya nyumbani ikishindwa kuwaka umeme unapokatika, betri ya volti 12 ndiyo ya kushukiwa kwanza. Ukiipima kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme) ikiwa imetulia, baada ya chaja kuzimwa kwa saa kadhaa, volti 12.6 humaanisha betri ya asidi imejaa, na volti 12.0 humaanisha inakaribia kuisha. Kipimo hiki ni chepesi, lakini hudanganya, kwani betri iliyozeeka, ambayo bamba zake zimeshika salfeti (utando mgumu wa chumvi ya risasi), huweza kusoma 12.6 na bado ikashindwa kuzungusha injini.

Kwa hiyo naamini zaidi kipimo cha pili, yaani kutazama volti stata inapozungusha injini, watu wakiwa mbali na feni. Zikishuka chini ya 9.6 ilhali betri ilikuwa imejaa, betri hiyo ibadilishwe. Zikibaki juu huku injini ikizunguka kwa uvivu, chunguza nyaya, terminali zenye kutu na stata yenyewe. Kipimo cha kwanza hubaki na faida moja kubwa: betri inayokutwa tupu mara kwa mara huelekeza lawama kwenye chaja.