Wakili wa fidia Dodoma: kazi yake ya zamani ndiyo iliyonisaidia

Nyota nne kati ya tano.

Msumeno wa karakana moja huku Kizota ulinikata vidole viwili vya mkono wa kulia. Tajiri akawa anasema tuyamalize kienyeji. Shemeji akanielekeza kwa mama mmoja wakili wa hapa mjini. Jina siliweki, sijamwomba ruhusa.

Kwanza nilimtafuta kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama unaoonyesha kama mtu ni wakili kweli na kama leseni yake iko hai. Iko hai. Sawa, ila hiyo wanayo wote wanaofanya kazi kihalali: shahada ya sheria, Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School) kwa hawa wa miaka ya karibuni, kiapo mbele ya Jaji Mkuu. Haikuniambia kama anajua mashine.

Huyu anazijua. Kabla ya kuvaa joho alikuwa afisa usalama mahali pa kazi, migodini Kanda ya Ziwa. Hakuanza na sifa zake, alianza na maswali. "Mdogo wangu, msumeno ulikuwa na kinga? Nani aliuzima? Ulimwambia nani siku ile ile?" Nikamweleza kuwa tajiri ananilaumu kwa kutovaa glavu. Akacheka. Kwenye msumeno unaozunguka, alisema, glavu ndiyo inayonaswa na kuuvuta mkono wote ndani. Halafu akaniambia kwamba Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) hautafuti nani mzembe. Unachotaka kujua ni kama uliumia kwa sababu ya kazi. Na mchango wa huko hulipa mwajiri, haukatwi kwenye mshahara wako.

Ripoti ya daktari aliisoma mstari kwa mstari, akanirudisha hospitali kwa sababu ilitaja jeraha bila kueleza mkono unashindwa kufanya nini sasa. Hapo ndipo penye pesa: ulemavu wa kudumu hupimwa kwa asilimia. Ukizidi 30 unalipwa pensheni kila mwezi, usipozidi unapewa mkupuo, yaani pesa yote mara moja.

Kilichonifanya nimwamini zaidi ni kuniambia kuwa kudai WCF si lazima uwe na wakili, na kwamba muda ni miezi 12, nisikae nikisubiri huruma ya tajiri. Alinitoza ushauri na barua moja tu kwa mwajiri, risiti ya mashine mkononi. Baada ya barua ile, taarifa ya ajali ambayo tajiri alikuwa ameikalia ikapelekwa WCF.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya simu. Akiwa mahakamani hapatikani, na karani wake anajibu kama anadaiwa. Ofisi iko ghorofa ya pili, hakuna lifti. Mwenye jeraha la mguu atume ujumbe kabla, mama hushuka mwenyewe na faili.