Kikao cha kamera kabla ya siku ya kushuti Mombasa: uzoefu wangu

Ninachotathmini hapa hakiuzwi dukani. Ni kile kikao ambacho wapenda kamera wa Mombasa hukifanya siku chache kabla ya kazi ya video yenye kamera zaidi ya moja: harusi, maulidi, mahojiano, tangazo la hoteli. Hakuna kiingilio, gharama ni nauli ya matatu au tuktuk na maji ya kunywa. Nakipa nyota nne kati ya tano kwa sharti moja: kamera zitolewe mikobani. Kubishana lenzi ipi ni bora hakumsaidii mtu anayeshuti Jumamosi. Kulinganisha kamera ndiko kunakookoa kazi.

Kulinganisha kunaanza na fremu (idadi ya picha kwa sekunde) na shata (muda ambao kila picha hupokea mwanga). Umeme wa Kenya ni hezi 50, kwa hivyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/50 humeza mipepeso miwili kamili katika kila fremu, na ukiweka fremu 25 kwa sekunde picha inatulia. Kamera iliyotoka Marekani mara nyingi huja ikiwa kwenye NTSC, mfumo wa video wa huko, yaani fremu 30 na shata 1/60. Ikiingia ukumbini, mistari ya giza inaanza kutambaa ukutani, na kuifuta wakati wa kuhariri ni kazi ngumu isiyofaulu kila mara. Kasoro hii haionekani juani, ndiyo maana watu huigundua bibi harusi akiwa ameshaketi. Kwenye kikao, kila kamera ielekezwe kwenye taa ya ndani kwa dakika moja. Taa rahisi za LED zenye kipunguza mwanga huweza kupepesa hata kwa 1/50, nazo zijulikane mapema.

Rangi nayo isiachiwe kamera ijiamulie. Katika vichochoro vya Mji wa Kale hatua chache tu zinakutoa juani hadi kivulini chini ya roshani, na kamera iliyo kwenye otomatiki itageuza rangi katikati ya klipu. Kubalianeni namba moja ya Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga), 5600 kwa juani, na kila mtu aifunge. Kisha kila kamera ishuti kadi ile ile ya kijivu na uso ule ule kwa sekunde 30, na klipu zote zifunguliwe kwenye laptopu moja. Skrini za kamera zenyewe hazifai kwa hukumu hii, kwa sababu kila moja ina mwanga na rangi yake. Ikiwa mmoja ana Sony na mwingine Canon, S-Log3 na C-Log, yaani profaili zao za picha iliyofifishwa ili ipakwe rangi wakati wa kuhariri, hazipatani zenyewe. Mhariri asiye na muda ataona raha zaidi wote wakishuti kwa profaili ya kawaida, kontrasti ikiwa imepunguzwa.

Sawazisheni pia saa za kamera hadi sekunde. Na kumbukeni kwamba kamera mbili za Sony zinaweza kutoa faili zenye jina moja, C0001.MP4. Kila kadi iwe na folda yake, la sivyo faili ya mmoja itafuta ya mwenzake wakati wa kunakili.

Jaribio ninalolithamini kuliko yote ni la kanzu na buibui. Msimamisheni mwenye kanzu nyeupe karibu na mwenye buibui jeusi, juani, mnamo saa tano asubuhi. Washa zebra, ile mistari ya kwenye skrini inayoonyesha palipo na mwanga mwingi, iweke asilimia 95, kisha punguza mwanga hadi zebra ibaki kwenye mikunjo michache tu ya kanzu. Kanzu ikishaungua kwa mwanga kuzidi, tarizi ya shingoni imepotea na hakuna programu itakayoirudisha, lakini giza la buibui linainuka kidogo wakati wa kuhariri. Kwa hivyo pimeni kwa kanzu.

Hapo filta ya ND, kioo cheusi cha mbele ya lenzi kinachopunguza mwanga, inakuwa ya lazima, na hesabu yake inafaa kufanywa pamoja. Katika jua kali, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 100 na tundu la lenzi la f/16 hutaka shata ya karibu 1/100. Ukitaka 1/50 na f/2.8, mwanga umezidi kwa stopu 6 (kila stopu huzidisha mwanga mara mbili): moja ya shata, tano za tundu la lenzi. Hiyo ni ND64, inayopunguza mwanga mara 64. Kwa S-Log3 kwenye kamera ambayo ISO yake inaanzia 800, ongeza stopu 3. Jumla 9, yaani karibu ND500. Filta ya kuzungusha ya stopu 2 hadi 5 haifiki huko, na mtu hukimbilia shata ya 1/1000, mwendo wa watu ukawa wa kukatakata. Filta za kuzungusha zijaribiwe pia kwenye lenzi pana, kwa sababu zikizungushwa hadi mwisho huchora kivuli cha msalaba angani. Faida ya kukutana ni kwamba unajaribu ya mwenzako kabla ya kununua yako. Nunua ya milimita 82 na pete za kupunguzia hadi 67 au 55, itumike kwenye lenzi zako zote.

Kuhusu mahali, bustani ya Mama Ngina kando ya bahari ni pazuri: kuna vivuli, nafasi, na upepo wa bahari unaokuonyesha ukweli kuhusu maiki. Wakati wa kusi, hasa Juni na Julai, maiki isiyo na manyoya ya kuzuia upepo inarekodi mvumo mtupu. Sikilizeni kwa hedifoni, msiangalie mita tu. Mita itakuonyesha desibeli -12 safi kabisa huku kunguru wamefunika sauti ya msemaji. Kunguru wa Mombasa hawanyamazi asubuhi, kwa hivyo mahojiano ya nje yapangeni mbali na miti wanakolala, na muachie nafasi ya adhana badala ya kukatisha mzungumzaji. Maiki ya kubana kwenye kanzu ikae shibiri moja chini ya kidevu, na kisambazaji chake kikae upande unaotazama kamera. Mwili wa mtu huzuia mawimbi ya gigahezi 2.4, na akigeuka tu sauti inakatika.

Unyevu wa pwani unahitaji maneno machache. Kamera iliyotoka kwenye chumba au gari lenye kiyoyozi ikifika nje huota ukungu, wakati mwingine ndani ya lenzi. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado ndani kwenye ubaridi, uiache nje karibu nusu saa ipate joto, ndipo uifungue. Chumvi ya bahari ifutwe siku hiyo hiyo kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo kwa maji baridi yasiyo ya chumvi.

Kadi na betri ni hesabu tupu. Video ya megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa, kwa hivyo kadi ya gigabaiti 64 haifiki saa moja na nusu. Alama ya kasi ya V30 kwenye kadi inatosha hapo. Kadi mpya ijaribiwe kwa programu ya H2testw, kwa kuwa kadi bandia huonyesha ukubwa isiokuwa nao na kuharibu faili za mwisho. Orodhesheni nani anatumia betri gani: kwa Sony, NP-FZ100 ina mAh 2280, NP-FW50 ina 1020, na mwenye hiyo ndogo ndiye wa kupewa nafasi karibu na soketi. Kamera zinazokoma kurekodi karibu na dakika 30 zisiwashwe pamoja. Hotuba ya nikahi inaweza kupita hapo, na zikizima zote kwa wakati mmoja hamna picha.

Nyota moja nimeiondoa kwa mambo ambayo vikao vingi huyaacha hewani. Vifaa huazimwa bila kuandikwa. Pigeni picha namba ya kila kifaa kinapotoka mkononi. Wapiga video wanawake huitwa wachache mno, ilhali hafla za wanawake katika harusi zetu zinawahitaji wao peke yao, na ni hapo kikaoni panapofaa kuamuliwa nani atashika kadi na nani atahariri. Vibali navyo huachwa hadi dakika ya mwisho: droni ni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kushuti kibiashara ndani ya Fort Jesus ni ruhusa ya Makavazi ya Taifa, na feri ya Likoni na bandari si mahali pa kuelekeza kamera bila idhini.

Watu wanne hadi sita wanatosha. Wakizidi, nusu yao watasimama bila kazi. Kifanyeni siku tatu kabla ya kazi, ili pete ya filta au kadi iliyokosekana ipate kutafutwa mjini, na kama haipo iletwe kutoka Nairobi.