MGB au Triumph TR6: kwa mpenda kona, lipi la kununua?

Yote mawili ni magari ya zamani ya michezo kutoka Uingereza, na kwenye karatasi hakuna mashindano. TR6 iliyouzwa Uingereza ina silinda sita, lita 2.5, na mafuta yanaingia kwa nozeli za kampuni ya Lucas badala ya kabureta. Za mwanzo zilitangazwa kuwa na nguvu farasi 150. MGB ina silinda nne, lita 1.8, farasi 95 hivi. Kutoka kusimama hadi maili 60 kwa saa, TR6 inatumia sekunde nane na ushee, MGB inakaribia 12. Hata hivyo, nikiambiwa nichague kwa pesa yangu, napanga hivi.

1. MGB ya bampa za chuma, 1965 hadi 1974. Nyuma ina ekseli ya kipande kimoja juu ya springi za majani, ufundi wa mkokoteni kabisa. Lakini gari ni jepesi, chini ya tani moja, bodi ni kitu kimoja bila chasisi ya peke yake, na halina ujanja. Ukiingia kona kwa kasi kupita kiasi, linakuonya mapema, nawe unarekebisha usukani kidogo tu. Anza na za 1965 kwa sababu mwishoni mwa 1964 ndipo krankshafti, ile shafti kuu ya injini, ilipopata beringi tano badala ya tatu. Ukipata yenye ovadraivu, gia ya ziada inayopunguza mizunguko ya injini, usiiache: kwenye barabara kuu bila hiyo, injini inalia mpaka unaionea huruma.

2. TR6 yenye namba ya injini inayoanza na CP. Hizo ndizo za farasi 150. Za CR, zilizofuata, zilishushwa hadi 125. Mlio wa silinda sita ni utamu wenyewe. Ila ukikanyaga mafuta, makalio yanachuchumaa na pua inainuka. Tena shafti za magurudumu ya nyuma zina meno yanayoteleza ndani kwa ndani: ukivuta kwa nguvu yanakwama, ukiachia mafuta katikati ya kona yanafunguka ghafla, na gari linatikisika kiuno. Asiyelizoea hushtuka. Nyingi zilipelekwa Marekani, na huko zilifungwa kabureta na kubaki na farasi 104. Ukiletewa ya huko, usilipe bei ya CP.

3. MGB ya bampa nyeusi za mpira, 1977 hadi 1980. Inafaa, na ni rahisi kununua.

4. MGB ya mwisho wa 1974 hadi 1976. Gari liliinuliwa ili kutimiza sheria za Marekani, na chuma cha kuzuia kulala kwenye kona kikaondolewa. Linayumba kama jahazi. Kwenye modeli za 1977 chuma hicho kilirudi mbele, na kingine kikaongezwa nyuma.

Kabla ya kulipa, MGB ipige jeki halafu ujaribu kufunga mlango. Ukigoma, vizingiti vya chini vimeliwa na kutu, na hivyo ndivyo vinavyoibeba bodi. Kwenye TR6 tazama chasisi pale mikono ya magurudumu ya nyuma inaposhikia, na pale difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, inapofungwa. Kisha fungua boneti, mwambie mtu akanyage klachi huku wewe umekodolea macho puli ya mbele ya injini. Ikisogea mbele kwa kiasi cha kuonekana, vile vipande bapa (washa) vinavyozuia krankshafti isisogee mbele na nyuma vimelika au vimedondoka. Funga boneti taratibu, mshukuru mwenye gari, ujiondokee.