Saa ya taa za nixie: seti ipi ununue ukiwa Tanga

Taa za nixie ni taa za kioo zenye tarakimu za waya ndani, zinazowaka rangi ya chungwa; seti ni vipande vya saa unavyounganisha mwenyewe. Kabla hujauliza bei, uliza kama saa inakubali kubadilishiwa ukanda wa saa. Sisi jua likishachomoza tunasema saa moja, lakini seti iliyotoka ng'ambo itakuandikia 7. Mimi yangu nimeiwekea +9 badala ya +3 yetu (saa tunazotangulia saa ya dunia, UTC), kwa mpangilio wa saa 12, na saa moja inasomeka 1. Tena tarehe inageuka saa kumi na mbili jioni, siku ikaanza magharibi kama wazee wanavyohesabu. Alhamisi, adhana ya magharibi inapotoka hapa Ngamiani, saa yangu imeshaingia usiku wa kuamkia Ijumaa. Seti isiyokupa uhuru huo usiinunue, hata iwe nzuri vipi.

Nafasi ya kwanza naipa seti ya taa za IN-12, zilizotengenezwa enzi za Urusi ya Kisovieti. Taa hizi huchomekwa kwenye soketi, kwa hiyo ikifa moja unachomoa na kuweka nyingine bila kugusa solda. Tarakimu zina urefu wa milimita 18, zimepangwa nyuma ya wavu mwembamba, kila moja kwa kina chake. Dakika ikibadilika, mwanga wa chungwa unasogea mbele au unarudi nyuma ndani ya kioo. Itazame 5 kwa karibu: ni 2 iliyogeuzwa juu chini. Wengine inawaudhi, mimi naipenda.

Ya pili ni IN-14. Inasimama wima na sura yake inapendeza kuliko IN-12, ila miguu yake ni nyaya za kuchomelea moja moja. Mmoja ulinikatikia pale unapotokea kwenye kioo na taa nzima ikawa haina kazi. Nunua na taa moja ya akiba.

IN-18 ndiyo kubwa, milimita 40, unaisoma ukiwa mlangoni. Bei yake ni nzito, basi isiwe ya kujifunzia.

Seti yoyote iwe na betri ndogo ya kutunza saa umeme ukikatika, na programu ya kuzungusha tarakimu zote usiku; tarakimu isiyowashwa muda mrefu huingia madoa. Bodi inapandisha volti 12 hadi kama 170. Hizo zinapiga vibaya, na kapasita hubaki na chaji hata ukishachomoa waya. Subiri, kisha pima kwa mita kabla ya kugusa.

Kwa hewa yetu ya chumvi, paka bodi vanishi ya kielektroniki, lakini ziba soketi kwanza. Kasha mpe seremala alichonge kwa mninga, mwambie aache matundu ya hewa chini na nyuma. Taa za buluu zinazowekwa chini ya nixie zizime. Zinaua ule mwanga wa chungwa.