Muvi tunazozirudia na vifaa tulivyonunua: uzoefu wangu na Sony FX3 pamoja na wenzake wa kwenye begi

Nianze na hukumu kabisa, atakayechoka kusoma aondoke nayo: Sony FX3 ni kamera nzuri mno kwa kampuni ndogo ya filamu, ila kwenye begi letu inashika nafasi ya tatu. Ya kwanza ni maikrofoni, ya pili ni vitu vya kukatia mwanga. Mpangilio huo hatukupewa na wauzaji wala wachambuzi wa vifaa. Umetokana na muvi tunazoziangalia tena na tena, kila mmoja wetu na yake, na ubishi unaofuata baada ya hapo.

Sisi ni watu wachache: mwongozaji, mpiga picha, mtu wa sauti na mhariri, ambaye ni mimi. Kuna siku mwongozaji ndiye anayebeba stendi. Tunapiga filamu fupi, filamu za makala, na kazi za wateja ambazo ndizo zinazolipa bili. Kwa hiyo haya ni maoni ya watu wanaofunga na kufungua vifaa wenyewe.

Kwanza muvi, maana bila hizo manunuzi yetu hayataeleweka.

Mwongozaji wetu humwambii kitu kuhusu El Mariachi ya mwaka 1992. Robert Rodriguez aliitengeneza kwa takriban dola 7,000, kwa kamera ya Arriflex ya milimita 16 aliyoiazima. Kamera ile ilikuwa na kelele, haikuwezekana kunasa picha na sauti kwa pamoja. Basi alikuwa akimaliza shoti anazima kamera, anawasogezea waigizaji maikrofoni, na wao wanarudia maneno yao. Shoti za kutembea alizipata kwa kukaa na kamera kwenye kiti cha magurudumu. Kila tukilalamika kwamba tumekosa kifaa fulani, mwongozaji hututajia hicho kiti. Tumekisikia mpaka kimetuchosha, lakini hoja yake haijawahi kupata jibu.

Yangu mimi ni Tangerine ya Sean Baker, 2015. Imepigwa kwa iPhone 5s, ikiwa imebandikwa lenzi ndogo ya Moondog Labs iliyoipa picha ule upana wa sinema. Watu wengi wakiitaja husema "si unaona, simu inatosha," wanaishia hapo. Ivalie hedifoni. Maneno ya waigizaji yako karibu, yako safi, hata pale wanapopita barabarani magari yakiunguruma. Sauti ile haikutoka kwenye kipaza cha simu. Ilirekodiwa pembeni kwa vifaa vya kazi. Nimekaa kwenye meza ya uhariri muda wa kutosha kujua kwamba picha yenye chenga mtazamaji ataivumilia, hata ataiita staili. Sauti ya mwangwi atasikiliza kidogo, halafu anahama.

Mpiga picha wetu yeye ni Barry Lyndon, ya 1975. Stanley Kubrick alipata lenzi za Zeiss za milimita 50 zenye f/0.7 (namba ya f ikiwa ndogo, lenzi imefunguka zaidi na mwanga mwingi unaingia), ambazo zilitengenezwa kwa ajili ya NASA, akazitumia kupiga maonyesho ya ndani kwa mwanga wa mishumaa. Lenzi ikifunguka kiasi hicho, eneo lililo kwenye fokasi linakuwa jembamba mno. Mwigizaji akiinama kidogo mbele, macho yamepotea. Ukijua hilo unaitazama tena muvi ile na kuona jinsi watu walivyotulia mezani, na unaelewa kwamba utulivu ule ulidaiwa pia na lenzi.

Hapo ndipo FX3 inapoingia. Ilitoka mwaka 2021, na sensa yake, kile kipande kinachopokea mwanga, ina megapikseli 12.1 tu, idadi ambayo mpiga picha za mnato anaweza kuicheka. Lakini sensa ni kubwa na pikseli ni chache, kwa hiyo kila pikseli ina nafasi ya kukusanya mwanga. Ukirekodi kwa S-Log3, mtindo wa Sony wa picha iliyofifia ambayo rangi zake hurekebishwa baadaye, kuna ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuona mwanga) mbili za msingi, yaani viwango ambavyo picha inatoka safi zaidi: 800 na 12,800. Ukitoka 800 ukawa unapanda, chenga zinaongezeka kama ulivyozoea. Ukifika 12,800 picha inatakata tena, kuliko hata ilivyokuwa kwenye 6,400. Anayeikodi kamera hii bila kuambiwa jambo hilo ataiacha kwenye 6,400 akidhani anaokoa picha.

Tuliijaribu kwa mshumaa mmoja juu ya meza, lenzi ikiwa f/2. Nyuzi za kitambaa cha meza zilionekana. Kivuli cha pua ya mtu aliyekaa nyuma ya mshumaa kilibaki cheusi cha kueleweka, bila zile doa za zambarau zinazotambaa. Mwali wenyewe uliungua katikati, na hilo halikwepeki, ila kingo zake zilibaki na rangi ya chungwa. Mpiga picha wetu alitamani kuitia kamera ile kwenye fremu aitundike ukutani.

Ila kuona gizani ni jambo moja, na mwanga mzuri ni jambo jingine. Chumba chenye taa moja ya dari inayomwaga mwanga wa kijani juu ya vipara vya watu, FX3 itakionyesha vizuri kabisa, pamoja na ubaya wake wote. Ndiyo maana nimesema vitu vya kukatia mwanga vinaitangulia. Kwetu hivyo ni vitambaa vyeusi vizito, ubao mweupe wa povu, rifulekta ya kukunja, na vibanio vingi kuliko unavyodhani utahitaji. Mtu akiwa karibu na dirisha, mwanga umemjaa uso mzima kama picha ya kitambulisho, tunasogeza kitambaa cheusi upande ulio mbali na dirisha, nje kidogo tu ya fremu. Shavu linapata kivuli, taya inachongeka, na hatujawasha taa yoyote. Wateja wanaotazama kwenye skrini hudhani tumebadilisha lenzi.

Muvi iliyowauzia wengi kamera hii ni The Creator ya Gareth Edwards, 2023, kwa kuwa sehemu kubwa yake imepigwa kwa FX3. Ni kweli. Ukweli mwingine ni kwamba bajeti yake ilikuwa karibu dola milioni 80, wapiga picha wake walikuwa Greig Fraser na Oren Soffer, na kazi ya madoido ya picha iliongozwa na ILM, kampuni kongwe ya kazi hizo. Kamera ilikuwa ndogo ili mwongozaji aweze kuzunguka na waigizaji kwa wepesi, lakini nyuma yake kulikuwa na kila kitu. Ninaipenda muvi ile kwa macho. Kama sababu ya kununua kamera, inapotosha.

Kuhusu wepesi wenyewe, hapo sina ubishi. FX3 ikiwa na betri na kadi ina uzito wa gramu 715 hivi, na mwilini ina matundu ya skrubu ya kufungia vitu bila kuivalisha kizimba. Danny Boyle alipopiga 28 Days Later, iliyotoka 2002, alitumia Canon XL1, kamera za kanda ndogo za MiniDV, na udogo wake ulimsaidia kupata zile barabara tupu za London alfajiri, kabla jiji halijaamka. Picha ya XL1 leo inashindwa na simu ya kawaida, na muvi bado inatisha. Sisi tunaitumia FX3 kwa moyo huo huo: ndani ya gari, ngazini, jikoni kwa mtu, mahali ambapo kamera kubwa ingeomba kiti chake.

Sasa kasoro, na kubwa kuliko zote ni hii: haina filta za ND ndani, vile vioo vya giza vya kupunguza mwanga unaoingia kwenye kamera. Piga hesabu. Jua kali, ISO 800, shata 1/50 ya sekunde ili mwendo uonekane wa kawaida, lenzi f/2.8: unatakiwa kukata takriban stopu 9 za mwanga (kila stopu inaupunguza kwa nusu). Filta nyingi za kuzungusha, zile unazogeuza ili zikaze giza, zinaishia stopu 5. Ukiilazimisha ya bei rahisi ipite mwisho wake kwenye lenzi pana, anga linapata alama ya msalaba mweusi, na hakuna ujanja wa kwenye kompyuta utakaoitoa. Tuliwahi kuletewa picha za namna hiyo na mteja aliyepigiwa kazi na watu wengine, akitaka tuzisafishe. Tulimrudishia. Nunua filta zisizozunguka, za viwango tofauti, na kisanduku cha kuzishikia mbele ya lenzi. Au kama kazi zako nyingi ni za nje na uko peke yako, tafuta kamera yenye ND ndani, kwa mfano Canon C70, uniache na mishumaa yangu.

Mpini wa juu nao una mtego. Matundu ya XLR, ya kuchomeka maikrofoni za kazi, yako kwenye mpini, si kwenye kamera. Ukiuvua ili kamera iingie kwenye gimbali, kile kishikio cha kutuliza mtikisiko, umevua na maikrofoni. Sisi haitusumbui kwa sababu sauti tunairekodi kando, lakini mtu wa matukio aliyepanga kuchomeka kila kitu kwenye kamera ajue.

Kufokasi kwenyewe kunafanya kazi mpaka unasahau. Jicho la mtu likishashikwa halichopoki. Tatizo linakuja mkono wa mtu mwingine ukipita mbele, au kikombe kikiinuliwa: kamera inarukia kikombe, inarudi, na kila mtazamaji anaona. Ingia kwenye menyu, punguza kasi ya kuhama na wepesi wa kubadili kitu inachokifuata. Ikishatulia, fokasi inahama kama mtu anayegeuza shingo, bila kushtuka. Kwenye maonyesho ya mazungumzo mpiga picha wetu bado anazima kila kitu anashika lenzi kwa mkono, hasa akiweka Helios 44-2, ile lenzi kuukuu ya Kisovieti ya milimita 58, f/2, ambayo majani nyuma ya mtu huyazungusha kama maji kwenye beseni. Ni laini pembeni na jua likiigonga inamwaga ukungu. Kwa ndoto na kumbukumbu haina mpinzani. Kwa tangazo la mteja usithubutu.

Nafasi ya kuhifadhi: ukirekodi 4K kwa XAVC S-I, umbizo la Sony la faili kubwa, fremu 24 kwa sekunde, ni megabiti 240 kila sekunde. Hiyo ni jigabaiti 108 kwa saa moja, kabla hujatengeneza nakala ya pili. Diski ziingie kwenye bajeti mapema. Kuhariri tunatumia DaVinci Resolve, na toleo lake la bure linatosha kazi nyingi mradi utengeneze proksi, yaani nakala nyepesi za kuhariria.

Nimebakiza ya kwanza. Fimbo yetu ya kunyooshea maikrofoni juu ya mwigizaji ina Sennheiser MKH 416, maikrofoni iliyokuwepo tangu miaka ya 1970 na bado unaikuta kwenye lokesheni kila upande wa dunia. Haijali unyevu, na ina uelekeo mkali: ukiielekeza kinywani, mtaa wa nyuma unarudi mbali. Nje sina la kuilalamikia. Ndani ya chumba chenye vigae na dari fupi ni habari nyingine, kwa sababu sauti inayodunda ukutani inaingia kwa ubavuni ikiwa imepotoka, na maneno yanasikika kama yametoka kwenye bomba. Kwa vyumba vya namna hiyo mtu wetu wa sauti hutumia maikrofoni fupi ya kadioidi, yenye uelekeo mpana zaidi, na kutandika mablanketi sakafuni, hata kama mwenye nyumba anatushangaa.

Fimbo inachomekwa kwenye Zoom F3, kinasa kidogo cha biti 32 float, yaani kinachobeba sauti ndogo mno na kubwa mno bila kuziharibu. Hakina kitufe cha kupandisha wala kushusha kiwango. Mwigizaji ananong'ona, kisha anapiga ukelele, na kwangu mimi mhariri vyote viwili vinakuja vikiwa vizima, nashusha kimoja napandisha kingine. Watu wamekipokea kifaa hiki kama uchawi, na kimekuwa kisingizio cha uvivu. Hakisogezi maikrofoni karibu na kinywa. Maikrofoni ikiwa mita tatu, umerekodi chumba, kwa biti 32. Mtu wetu wa sauti huishusha mpaka mpiga picha apige kelele kwamba ncha imeingia kwenye fremu, halafu anaipandisha kidole kimoja. Hapo ndipo mahali pake.

Maikrofoni za kifuani tunazo, tunazitumia kama akiba. Nguo ya nailoni inazikwaruza.

Je, uinunue FX3? Kama una kampuni, una kazi za usiku na za ndani, na tayari una sauti na vitambaa, inunue bila kuogopa. Kama ndiyo unaanza, mimi ningechukua FX30 ya 2022, ambayo umbo lake ni lile lile, sensa ni ya Super 35, ndogo kuliko ya FX3, ISO yake ya pili ya msingi ni 2,500, na bei iko chini sana. Tofauti ningeipeleka kwenye fimbo, maikrofoni mbili na filta za maana. Mpiga picha wetu hakubaliani nami hata kidogo. Anasema 2,500 haimfikishi kwenye mshumaa mmoja, na mimi namwambia awashe wa pili.